Kibadaga na ukoo wake: jibu kwa mwanafunzi wa Mwanza

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, kwetu ni Mwanza na lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Darasani tuliambiwa kuwa India kuna lugha iitwayo Kibadaga yenye irabu 30. Nilipotafuta habari zake, mahali pamoja nimekuta inaitwa lahaja ya Kikannada, pengine inaitwa lugha kamili. Rafiki yangu naye anashikilia kuwa ni Kitamil cha milimani, kwa sababu wasemaji wake wako jimbo la Tamil Nadu. Ukweli uko wapi? Na hizo irabu 30 zipo kweli?"

Jibu: Marahaba. Nimelifurahia swali lako, na utaona punde kwa nini Msukuma ana haki ya pekee ya kuliuliza.

Nianze na jibu fupi. Kibadaga si Kitamil, cha milimani wala cha bondeni. Kinatoka shina moja na Kikannada, na lugha hizo mbili ziliachana si zamani sana kwa hesabu za wanaisimu. Lakini kwa jinsi kinavyosemwa leo ni lugha yenye sarufi, msamiati na matamshi yake, na mimi naihesabu kuwa lugha. Irabu 30 zilikuwepo kweli, zikaandikwa na mtu aliyezisikia kwa masikio yake. Leo nyingi zimetoweka vinywani. Sasa tuchambue.

Tuanze na jina, maana ndani yake mna nusu ya jibu. "Badaga" ni neno la Kikannada cha zamani, maana yake mtu wa kaskazini. Nawe unajua kuwa "sukuma" kwa Wanyamwezi na kwa Wasukuma wenyewe ni kaskazini, kama "dakama" ilivyo kusini. Basi wewe na Mbadaga mmepewa jina moja katika lugha mbili ambazo hazijawahi kukutana. Tofauti ni kwamba Msukuma ameitwa hivyo kwa mahali anapokaa, ilhali Mbadaga ameitwa kwa mahali alikotoka: nyanda za Mysore, kaskazini mwa milima ya Nilgiri anakoishi sasa.

Tazama sauti ya kwanza ya jina hilo. Kwa Kitamil, kaskazini ni "vadakku". Kwa Kikannada cha zamani ni "badagu". Mzizi ni mmoja, ila mahali ambapo Kitamil kina v mwanzoni mwa neno, Kikannada kina b. Kinywa kwa Kitamil ni "vaay", kwa Kikannada ni "baayi". Kwa hiyo jina la Wabadaga limevaa vazi la Kikannada kabla hata hatujafungua ukurasa wa sarufi. Kama lingekuwa la Kitamil lingeanza na v.

Lakini usikimbilie kuhitimisha. Kutoka v kwenda b kumetokea pia katika Kitulu cha pwani ya magharibi na katika Kikodava cha milima ya Kodagu. Ushahidi huo peke yake unatufikisha mlangoni tu. Wa kuingia ndani ni mwingine, na ndio ninaoupenda kuliko yote: sauti h.

Katika Kikannada cha zamani, maneno mengi yalianza na p kama ilivyo katika Kitamil mpaka leo. Kumi ilikuwa "pattu", maziwa yalikuwa "paalu". Kuanzia karne ya 10 hivi, maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya nchi ya Kannada yanaanza kuonyesha h mahali pa p, na kufikia karne ya 14 h ndiyo iliyotawala. Leo Mkannada anasema "hattu" na "haalu". Mtamil bado anasema "pattu" na "paal". Na Mbadaga? Anasema "hattu" na "haalu". Kitongoji kwa Kitamil ni "patti", na ukipita kusini mwa India utaona vijiji vingi vinavyoishia na neno hilo. Kwa Wabadaga kijiji ni "hatti".

Hata maneno ya kukopa yalipita njia hiyo hiyo. Sikukuu kubwa ya Wabadaga, ya kumkumbuka bibi yao wa zamani wanayemheshimu kama mungu, huitwa Hethai Habba. "Habba" ni sikukuu. Neno hilo lilitoka Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya India, "parva", likawa "pabba" katika Kikannada cha zamani, kisha "habba". Mbadaga hakulichukua kwa Kisanskriti wala kwa Kitamil. Alipanda nalo mlimani likiwa limeshageuka.

Kwa nini natilia mkazo h hii? Kwa sababu wanafunzi wengi hukosea hapa. Ukitaka kujua lugha zipi ni ndugu wa tumbo moja, usihesabu mambo ya zamani ambayo zote zimeyahifadhi. Sikio kwa Kikannada ni "kivi", kwa Kitamil ni "cevi". Kikannada kimebaki na k ya kale, na katika jambo hili Kibadaga kiko upande wake. Lakini Kitoda na Kikota, majirani wa Wabadaga, nao wamebaki na k, na wao si Wakannada. Kuhifadhi kitu cha babu hakuthibitishi kuwa mmelelewa nyumba moja, kwa kuwa babu ni wa ukoo wote. Kinachothibitisha ni badiliko jipya mlilolifanya pamoja. Kutoka p kwenda h ni badiliko la namna hiyo, na Kibadaga kinalo katika maneno ya kila siku ya nyumbani, ambayo watu hawana desturi ya kuyaazima.

Sasa ukoo wenyewe. Lugha za Kidravida zina wasemaji zaidi ya milioni 200, wengi wao kusini mwa India. Kwamba ni familia ya peke yake, isiyo tawi la Kisanskriti, Francis Whyte Ellis alilionyesha mjini Madras mwaka 1816, na Robert Caldwell akaliandikia sarufi linganishi mwaka 1856. Wanaisimu wengi huzigawa katika matawi manne. Tawi la kaskazini lina Kibrahui, ambacho kiko mbali kabisa huko Balochistan, Pakistan, pamoja na Kikurukh na Kimalto. La kati lina lugha ndogo kama Kikolami na Kiparji. La kusini-kati ndilo la Kitelugu na Kigondi. Na la kusini lina Kitamil, Kimalayalam, Kikannada, Kitulu, Kikodava, Kiirula, Kitoda, Kikota, pamoja na Kibadaga chetu.

Ndani ya tawi hilo la kusini kuna jambo ambalo ramani haitakuonyesha. Kwenye nyanda za juu za Nilgiri, kama mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, jamii kadhaa zimeishi bega kwa bega. Watoda walifuga nyati na kutoa samli. Wakota walifua chuma, wakafinyanga vyungu na kupiga ngoma na zumari msibani. Wakurumba walikuwa watu wa msituni, wa asali na dawa, walioogopwa kwa uchawi. Wabadaga walilima na kutoa nafaka. Walitegemeana kwa vizazi. Ungetarajia lugha zao ziwe karibu karibu pia. Lakini Kitoda na Kikota viko upande wa Kitamil katika mti wa ukoo, na Kibadaga kiko upande wa Kikannada. Mtoda aliye kilima cha pili, anayesikia mbwa wa Mbadaga wakibweka, kwa nasaba ya lugha yuko karibu zaidi na Mtamil wa Madurai kuliko na jirani yake huyo.

Hata hivyo Mtoda na Mkota walijifunza Kibadaga. Wabadaga walikuwa wengi kuliko jamii nyingine za mlimani, nafaka ilikuwa yao, na lugha yao ikawa ya mawasiliano kati ya makabila huko juu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jinsi lugha ya jamii moja inavyoweza kuwa daraja la wengi.

Tukumbuke pia majina ya mahali. Kilele kirefu kuliko vyote katika Nilgiri, mita 2,637, kinaitwa Doddabetta. "Dodda" ni kubwa, "betta" ni mlima. Ni Kikannada na Kibadaga kitupu. Kitamil kingesema "periya malai". Rafiki yako anayetegemea mpaka wa jimbo angeanza na jina la mlima huo. Mipaka ya Tamil Nadu imechorwa na serikali, ya Waingereza kwanza na ya India huru baadaye, na Nilgiri iliwekwa upande wa Madras, jina la zamani la jimbo hilo. Lugha haikuulizwa.

Walipanda lini? Simulizi za Wabadaga wenyewe husema walikimbia kutoka nchi ya Mysore, na mwanaanthropolojia Paul Hockings, aliyefanya kazi nao tangu miaka ya 1960, anauhusisha uhamaji huo na vurugu zilizofuata kuanguka kwa dola ya Vijayanagara katika vita vya Talikota vya mwaka 1565. Padri Mjesuti Giacomo Fenicio, aliyepanda milima hiyo mwaka 1603, aliwakuta Wabadaga tayari wako huko. Sasa rudi kwenye ile h. Kama waliondoka katika karne ya 16, basi waliondoka baada ya p kwisha kugeuka, na ndivyo lugha yao inavyoonyesha. Simulizi za wazee, barua ya padri na sauti moja ya mwanzo wa neno zinasema jambo moja. Katika kazi yetu hii, bahati ya namna hiyo haiji mara nyingi.

Nije sasa kwenye irabu, ambazo nadhani ndizo zilizokuleta.

Mwaka 1935 Murray Emeneau, mwanaisimu aliyezaliwa Lunenburg, Kanada, alifika India na kukaa karibu miaka mitatu, sehemu kubwa huko Nilgiri. Alikuja kuwa mmoja wa watu wawili waliotunga kamusi kuu ya asili ya maneno ya Kidravida, na alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1939 alichapisha makala kuhusu irabu za Kibadaga. Alisema ziko tano kwa msingi: i, e, a, o, u, kama za Kiswahili. Kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu, hivyo zinakuwa kumi. Kisha, na hapa ndipo dunia ya wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, iliposhtuka, kila moja kati ya hizo kumi inaweza kutamkwa kwa namna tatu: ulimi ukiwa umelala kawaida, ukiwa umekunjwa nusu kuelekea nyuma, au ukiwa umekunjwa kabisa ncha ikielekea kaakaa gumu. Tano mara mbili mara tatu, ni 30.

Ili usikie kwa karibu, kumbuka Mmarekani anavyotamka irabu iliyofuatwa na r mwishoni mwa neno. Irabu yenyewe inapindika, kama ulimi unataka kurudi kooni. Wengi wetu tunaliiga hilo tukiigiza Wamarekani. Sasa fikiria lugha ambamo kupindika huko kuna ngazi mbili, na kila ngazi inabadili maana.

Mfano unaotajwa sana ni silabi moja, "be". Ukiitamka kawaida ni kinywa. Ukikunja ulimi nusu ni bangili. Ukikunja kabisa ni mazao ya shambani. Maneno matatu, na masikio yetu ya Kiswahili, au yako ya Kisukuma yaliyozoea irabu saba, yangesikia moja tu.

Zilitoka wapi? Jibu liko kwa Kikannada. Kinywa ni "baayi". Bangili ni "baḷe". Mazao ni "beḷe". Ile l niliyoiwekea nukta chini si l yetu ya kawaida. Hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma. Lugha za Kidravida zina jamii nzima ya konsonanti za kukunja ulimi, na mojawapo inasikika mwishoni mwa jina lenyewe la Kitamil, ambalo wenyewe hulimalizia kwa sauti kati ya l na r ambayo huwashinda wageni wengi. Kibadaga kilianza kuzilegeza konsonanti hizo zilipokuwa katikati ya irabu. Mwishowe zikatoweka. Lakini kabla ya kutoweka zilikuwa zimekwisha kuipindisha irabu iliyo jirani, na irabu ikabaki imepinda. Konsonanti ilikwenda zake, mkunjo wa ulimi ukarithiwa na irabu.

Wewe unaweza kulielewa hili kutoka nyumbani. Kwa Kisukuma mnasema "mbula" na "nzala". Sisi tunasema "mvua" na "njaa". Kiswahili kiliidondosha ile l ya kale katikati ya irabu, na kilichobaki ni irabu mbili zinazofuatana: "u-a", "a-a". Mtu asiyejua Kibantu kingine atashangaa kwa nini "njaa" ina a mbili. Wewe hushangai, kwa kuwa nyumbani l bado ipo. Kibadaga kilifanya kitu cha aina hiyo hiyo, ila konsonanti iliyodondoka ilikuwa ya kukunja ulimi, kwa hiyo iliacha alama ya kina zaidi kuliko l yetu. Na kama wewe unavyoweza kuieleza "njaa" kwa kutazama "nzala", ndivyo mwanaisimu anavyoieleza "be" iliyokunjwa kwa kutazama "baḷe" ya Kikannada. (Neno letu "bangili" pia lilitufikia kutoka Bara Hindi, ila lilipitia lugha za kaskazini za ukoo mwingine. Usilichanganye na "baḷe".)

Sasa habari ya kusikitisha. Hali aliyoikuta Emeneau haipo tena. Wasemaji wa leo hutofautisha mkunjo kwenye irabu chache tu, na ngazi mbili za mkunjo hazisikiki kwa wengi. Alama iliyoachwa na konsonanti nayo inafutika, na ikifutika, neno la kinywa, la bangili na la mazao hayana budi kutenganishwa kwa muktadha au kwa kutafuta maneno mengine. Kwa hiyo darasani, ukiulizwa, usiseme "Kibadaga kina irabu 30". Sema kilikuwa nazo katika miaka ya 1930, zikaandikwa. Naumia kila ninapolifikiria hilo, kwa sababu katika lugha zote za dunia zilizochunguzwa, mfumo wa ngazi mbili za mkunjo wa irabu kama huu ni nadra mno.

Narudi kwenye ugomvi wa lugha na lahaja, ambao ndio uliokuchanganya. Tatizo ni kwamba watu wanajibu maswali mawili kwa neno moja. Swali la kwanza: Kibadaga kimetoka wapi? Kimetoka upande wa Kikannada, na anayesema hivyo yuko sahihi. Swali la pili: je, leo ni kitu kimoja na Kikannada? Hapo nasema hapana. Karne kadhaa za kuishi mlimani, mbali na maandishi na shule za Kikannada, zimekipa matamshi na vitenzi vyake. Mkannada wa Bengaluru akikaa kwenye kikao cha wazee wa Kibadaga atadaka maneno, hatafuata mazungumzo. Christiane Pilot-Raichoor, aliyekichunguza kwa kina kuliko wengi, anakihesabu kuwa lugha inayojitegemea, na nakubaliana naye.

Serikali ya India inahesabu vingine. Katika sensa, Kibadaga huwekwa chini ya Kikannada kama mojawapo ya lugha-mama zilizomo ndani yake. Sensa ya 2011 ilikuta watu wapatao 133,000 waliotaja Kibadaga, dhidi ya zaidi ya milioni 43 wa Kikannada kwa jumla. Hapo ndipo wengi wanapolitoa neno "lahaja". Lakini orodha ya sensa hupangwa kwa haja za utawala. Wewe unajua Kisukuma na Kinyamwezi vinavyosikilizana, na bado vinahesabiwa viwili. Kule, watu wasiosikilizana vizuri wamehesabiwa kitu kimoja.

Maandishi yake nayo yana historia yake. Wamisionari wa Basel walianzisha kituo Ketti, katika milima hiyo, katikati ya karne ya 19, na mwaka 1890 wakachapisha Injili kwa Kibadaga huko Mangalore kwa hati za Kikannada. Leo kijana wa Kibadaga anasoma shule kwa Kitamil na Kiingereza, kwa hiyo akiandika lugha yake hutumia hati za Kitamil au za Kilatini. Hati za Kitamil hazitofautishi b na p wala d na t, kwa hiyo zinaificha ile b ya "badaga" niliyoisifu hapo juu. UNESCO imekiweka Kibadaga katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Kilichonipa moyo ni kwamba nyimbo zinaendelea kutungwa, na Hethai Habba bado inawarudisha watu vijijini kila mwaka kutoka Coimbatore na Bengaluru.

Ukitaka kulifanyia kazi somo hili, usianze na nadharia. Ipo kamusi ya Kibadaga ya Hockings na Pilot-Raichoor ya mwaka 1992. Iulizie maktaba ya chuo chako ikuagizie. Chora safu tatu kwenye daftari: Kitamil, Kikannada, Kibadaga. Andika maneno mia ya nyumbani: viungo vya mwili, hesabu mpaka kumi, wanyama, chakula. Tia alama nyekundu kila penye h mahali pa p, na alama ya buluu kila mahali Kikannada kina ile l yenye nukta lakini Kibadaga hakina konsonanti. Kisha chora safu nyingine mbili pembeni, Kisukuma na Kiswahili, utafute l zilizodondoka. Ukifika neno la hamsini niandikie tena, uniambie alama za buluu zimeangukia irabu zipi.